Leseni ya Mofa na Jina la Mama Yako

Raya mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, kwa hiyo hapa nazipita, karatasi ni chache. Hii nimeichana katikati ya daftari lako la hesabu la skuli. Usinune. Kurasa za mbele, zile zenye wino mwekundu wa mwalimu, nimeziacha kama zilivyo, nitawaonesha wajukuu.

Alasiri imeshaswaliwa. Mama yako yumo ndani anafunga mzigo wako kwa mara ya nne, na kila akiufunga unazidi kunenepa. Wewe umekwenda kuaga kwa kina shangazi zako. Mie nimekaa ukumbini, nimeweka ubao mapajani, naandika. Najua utajiuliza: baba, mtu wa maneno mengi vile, amepatwa na nini hata aandike badala ya kusema? Ndo hilo. Mdomo wangu umeshaharibika. Nikiufungua tu watu wanajiweka tayari kucheka. Hata siku ya maziko ya ami yako niliposimama kuwashukuru watu, walicheka, na wallahi sikuwa nimesema la kuchekesha. Nikikwambia jambo hili kwa mdomo utacheka, na mie nitakuachia ucheke, kisha nitacheka na mie, na meli itaondoka.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kutoazimisha kanga mpya, ya majirani wa mjini, mama yako amekusomea yote tangu juzi. Sina la kuongeza. Mie nataka kusema juu ya ile fomu.

Ile fomu ya leseni aliyokuletea mumeo Salim kutoka Unguja. Jana uliitandaza hapa ukumbini ukaniambia, "Baba, nisaidie kujaza." Nilijiona mkubwa! Mie niliyesoma miaka mitatu nikakimbia, naombwa msaada na msomi wa darasa la sita. Tukaandika mahali pa biashara: Ng'ambo, mtaa wenu wa huko Unguja. Tukaandika aina ya biashara: mikate ya mofa. Tukafika mstari wa tatu, jina la mwenye biashara, kalamu yako ikasita. Ukasema, "Salim kasema tuandike jina lake. Mimi nitaona haya kusimama ofisini mbele ya wanaume. Na mambo yatakuwa mepesi."

Mie nikasema, "Andika jina la paka, yeye ndiye anayekula kuliko wote." Ukacheka mpaka ukapaliwa. Mstari ukabaki mtupu.

Lakini mama yako hakucheka. Alikuwa nyuma yako anachekecha unga wa mtama. Chekeche lilisimama mkononi mwake, likakaa hivyo kidogo, kisha likaendelea. Wewe ulimpa mgongo, hukuona. Mie niliona. Usiku mzima chekeche lile limesimama kichwani mwangu.

Sasa sikiliza, nikuhadithie kitu ambacho watu wazima wote wa Wingwi wanakijua ila wewe, kwa sababu ulikuwa mdogo, na kwa sababu mama yako aliwakataza wasikwambie.

Ulikuwa bado tumboni. Ile vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha lakini mchele ulikuwa haujarudi, watu wanagawiwa kwa kibaba. Mtama wetu wa shamba ulikuwepo. Mama yako akafinyanga tanuri lake mwenyewe pale uani, lile la mdomo juu, akaanza kuoka mofa. Watu walikuwa wanakula kwa kuwa hakuna wali. Mchele uliporudi wakaendelea kula kwa kuwa ilikuwa mofa ya mama yako. Wachuuzi wa samaki waliotoka Tumbe na baskeli zao walikuwa wanasimama mlangoni petu na matenga yao, harufu ya samaki wa ng'onda inaingia mpaka chumbani, wanadai mofa ya moto. Mie kazi yangu ilikuwa kupokea sifa.

Ikaja amri kwamba anayeuzia watu chakula awe na leseni. Sheha kaja kasema, na kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa mama yako kaniita nyuma ya mlango kaniambia, "Nenda katutafutie hiyo karatasi. Nisije nikavunjiwa tanuri langu." Kumbuka alivyosema. Langu.

Basi nikaanza safari za karatasi. Barua ya sheha. Cheti cha hospitali kwamba mpishi hana maradhi ya kifua. Ukuta upakwe chokaa, nikapaka. Choo kiwe mbali na tanuri, nikapima kwa hatua zangu, nikarefusha hatua. Kisha akaja bwana afya juu ya baskeli, soksi zimempanda mpaka magotini, akasimama uani na daftari lake.

"Maji ya kukandia yanawekwa wapi?"

Mie sikujua. Mama yako alikuwa ndani, nyuma ya pazia, mwanamume mgeni hamuoni. Nikatazama mlango. Mlango ukasema, "Mtungini, una kifuniko, na kata yake haitumiki kunywea."

"Unga unakaa muda gani na hamira?"

Nikatazama mlango. Mlango ukasema, "Tangu magharibi mpaka alfajiri. Siku ya baridi nauongezea saa moja."

Ikawa hivyo maswali yote. Mwisho bwana afya kafunga daftari lake kaniambia, "Bwana, mlango wako huu unaijua kazi kuliko wewe." Nilimhadithia kila mtu maneno yale. Nilicheka nayo mwezi mzima. Sikuwaza hata mara moja kwamba mtu yule alikuwa ameniambia nani wa kuandikwa.

Siku ya kuchukua leseni nikaenda ofisini kwa mudir, mkubwa wa huku kwetu. Ndani pana benchi refu, watu wanangoja zamu. Siku ile walikuwa saba. Mmoja ni Faki wa punda, na Faki unamjua, ukimwambia kitu asubuhi, adhuhuri punda wake nao wanakijua. Karani kainua kalamu.

"Mwenye biashara nani?"

Nikasema, "Nyumbani."

"Nyumbani ndiyo jina?"

Benchi likacheka. Nikasema, "Wenyewe. Watu wa nyumbani kwangu."

"Mzee, nataka jina, sitaki nyumba."

Unajua kwetu, Raya. Mtu hamtaji mkewe kwa jina mbele ya wanaume. Ni kama kumvua kanga sokoni. Jina lilikuwa limenifika hapa kooni, nalihisi. Nikawatazama wale saba. Nikamwona Faki ameshainama mbele, anangoja, masikio yamemsimama. Nikataja jina langu.

Karani akaandika. Akagonga muhuri. Hakuchukua muda wa kupiga chafya.

Hapo ningekuwa nimefanya kosa la mtu mwenye haya, na kosa la haya Mungu analifahamu. Lakini subiri.

Nilifika nyumbani, mama yako akafuta mikono unga, akaipokea ile karatasi kwa vidole viwili kama mtu anayebeba yai. Herufi za Kizungu hazijui, wewe unajua; amesoma chuo cha Kurani tu, anasoma msahafu vizuri kuliko mie. Kaitazama sana. Kauliza, "Jina langu liko wapi?"

Ningesema tu. Ningesema, bibi, nilishindwa kukutaja mbele ya Faki. Angenuna siku mbili, wiki ya pili angenirudisha ofisini. Lakini alikuwa amefurahi, Raya. Na mie sikupenda kumwona amefurahi halafu nimwondolee. Nikanyoosha kidole nikamwonesha neno moja lililokuwa limeandikwa kwa wino mzuri. "Hili hapa."

Neno lenyewe lilikuwa Wingwi. Mahali pa biashara.

Nikatoa picha ya Makka kwenye fremu yake, nikaitia leseni, nikaitundika. Na kila asubuhi mama yako, kabla hajawasha tanuri, alikuwa anachukua ncha ya kanga anafuta kioo. Hakufuta kioo chote. Anafuta pale. Pale kwenye lile neno. Miaka saba. Mie nimelala kitandani namtazama kwa jicho moja, nacheka ndani kwa ndani. Nakuandikia kweli: mwanzo nilikuwa nacheka. Niliona nimefanya mzaha mzuri ambao hakuna anayeujua.

Watu nao wakaanza kuniita Bwana Leseni. Nikizunguka na kofia yangu, "Bwana Leseni, mofa zetu vipi leo?" Na mie najibu, "Ziko njiani." Ukiitwa hivyo miaka saba unasahau kwamba hujawahi kukanda hata donge moja.

Ndipo nikaoa mke wa pili, kule Tumbe. Hilo unalijua, ingawa mama yako mdogo yule humkumbuki sura. Alikuwa mwanamke mcheshi, na mimi na ucheshi wangu tukakutana kama vichaa wawili. Alisikia ninaitwa Bwana Leseni. Akaniambia, "Sasa leseni yako iko kule, mwenyewe uko huku?" Kila siku. Na mie nikaona kweli, mwanamume gani leseni yake inatundikwa asikolala. Nikaja hapa siku moja mama yako yuko mtoni, nikaishusha fremu, nikaipeleka ofisini. Karani akabadilisha mahali pa biashara. Akachukua rula, akalikata lile neno kwa wino mweusi, mstari mmoja mnyoofu, juu yake akaandika Tumbe.

Nilisimama pale naangalia rula inapita. Nilijua inapita juu ya nini. 

Mama yako alikuja ofisini siku ya pili. Kwa miguu, na buibui lake la sikukuu, amekushika mkono. Kama unakumbuka chumba chenye benchi refu na mtu mnene aliyekupa kipande cha chaki uchezee, basi ndo siku hiyo. Mudir kaniita na mie. Leseni imelala juu ya meza, imetolewa kwenye fremu.

Mama yako alisimama karibu na mlango, uso umefunikwa, lakini sauti ilitoka wazi. "Bwana mudir, leseni yangu imechukuliwa ukutani kwangu."

Karani akasema, "Bibi, leseni hii ni ya mumeo."

"Yangu. Jina langu limo. Nalifuta vumbi kila siku." Akasogea mezani, mbele ya wanaume wote wale, akainama, akatafuta kwa kidole. Akaliona. "Hili hapa. Nani kalikata jina langu?"

Karani kijana yule hakuwa na ubaya. Alisoma tu. "Hapo pameandikwa Wingwi, bibi. Ni jina la mji."

 Watu wa benchi, ambao mie naweza kuwachekesha hata kwa kukohoa, walitazama miguu yao. Mama yako aliinua kichwa akanitazama. Mudir naye akanigeukia. Mudir yule alikuwa mtu wa haki, alikuwa amefahamu kila kitu. Alinipa mlango, Raya. Aliniambia polepole, "Biashara hii hasa ni ya nani, bwana? Nieleze, tuandike upya."

Tuandike upya. Kalamu iko pale, wino uko pale.

Na mie nikajibu, "Karatasi inasema yangu."

Nimesema maneno mengi maishani, mengi ya kipuuzi. Hayo matatu pekee ndiyo ningeyala nikiweza.

Mama yako hakulia wala hakunitukana. Alikushika mkono mkaondoka. Asubuhi yake akachukua mchi wa kutwangia akalivunja tanuri, kipande kwa kipande, vigae akavipeleka mwenyewe kwenye shimo la taka. Jirani alimuuliza kwa nini, akamwambia, "Halina leseni."

Nako Tumbe? Ucheke hapa, nakuruhusu. Mama yako mdogo hakujua mofa inashikwa upande gani. Nikasema nitaoka mwenyewe, kwani mie si Bwana Leseni? Nikafinyanga tanuri, likapasuka. Nikafinyanga la pili. Nikainama kubandika donge kwenye ukuta wa ndani kama nilivyomwona mama yako akifanya mara elfu, donge likanishinda likaanguka motoni, moto ukapanda. Unaiona hii nyusi yangu ya kushoto ilivyo na upara? Nilikwambia ni homa ya utotoni. Ni mofa. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tumeachana na leseni imekufa, hakuna aliyekwenda kuihuisha. Nikarudi hapa na fremu tupu kwapani. Mama yako alinipokea kama mtu aliyerudishiwa kuku wake na majirani: hakunikaribisha, hakunifukuza. Alinionesha chakula kilipo.

Hajanitajia jambo lile mpaka leo. Nilimwambia mara nyingi, nikufinyangie tanuri, nikakuchukulie leseni nyingine. Hujibu. Zile mofa ulizokula na kujifunza ni za chungu, za kula sisi wenyewe, na ukisifiwa kwamba unajua kuoka, ujue hujapata kuionja ya tanuri. Lile gari la abiria likipita na ubao wake mbele umeandikwa Wingwi, mama yako hutazama pembeni. Wewe ulikuwa unadhani ni vumbi.

Kwa hiyo usinione ninacheka nikisikia Salim anataka mambo yawe mepesi. Salim si mtu mbaya. Nampenda, ananisikiliza hadithi zile zile bila kupiga miayo. Lakini hata mie sikuwa mtu mbaya siku ile ya kwanza. Nilikuwa naona haya tu. Ubaya ulikuja wenyewe baadaye, ukaikuta karatasi imeshaandikwa, ukakaa juu yake kwa starehe.

Nakupa habari moja ya mwisho, ya Jumatatu hii. Ile barua ya kuzaliwa kwako, uliyoambiwa uambatanishe na fomu, niliifuata kwa mudir mpya. Karani mpya pia, kijana wa siku hizi, kachana nywele upande. Benchi lile lile. Faki yupo, meno hana. Siku hizi watu hawakai upande mmoja kwa sababu ya vyama vya siasa, wengine wako kushoto wengine kulia, hawapeani hata moto wa sigara. Lakini masikio yote yalikuwa kwangu. Karani akauliza, "Jina la mama wa mtoto?"

Nikasema, "Nyumb..." Nikasita. Faki akainama mbele, vile vile, kama miaka yote hii hakuondoka pale.

Nikalitaja. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya mwadhini. Karani akaandika, akaniambia, "Haya, mzee, anayefuata." Basi. Raya, ilikuwa basi! Paa halikuanguka. Faki akarudi nyuma akaegemea ukuta. Mie nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Habari ilinitangulia nyumbani, si unamjua Faki. Mama yako alikuwa jikoni. Hakugeuka.

"Nasikia leo umenitaja."

"Nimekutaja."

"Lote?"

"Lote. Mpaka la babu yako."

"Mbele ya nani?"

Nikamhesabia waliokuwepo, wa kushoto na wa kulia.

"Kuna aliyecheka?"

"Hakuna."

Akakoroga chungu muda mrefu. Kisha akasema, taratibu tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi: "Sasa siku zile ulikuwa unaogopa nini?"

Mie, mwanangu. Mie mwenye jibu la kila kitu. Nilitoka uani nikachanja kuni ambazo hakuna aliyeziomba.

Mstari wa tatu wa fomu yako siujazi. Kalamu nimeitia ndani ya bahasha, ni yako, na haya uliyonayo ni yako pia, nimekurithisha mie. Utasimama nayo ofisini, na benchi litakutazama. Kisha karani atasema anayefuata.

Nimemuuliza mama yako kama ana la kuongeza. Kaja, kasimama nyuma yangu, kasema nimuandikie jina lake hapa chini kwa herufi kubwa, alione lilivyo. Nimemwonesha linapoanzia na linapoishia. Kalitazama sana. Kisha kanitazama mie. "Sawa," kasema. "Nitamuuliza Raya."

Kwa hiyo barua hii nakupa kesho asubuhi kabla ya gari, na hayo mengine yote utayasoma melini. Mstari wa mwisho usome kwanza, hapo hapo mlangoni, kwa sauti, na yeye amesimama karibu. Mie haniamini, na ana haki.

Baba yako, aliyewahi kuitwa Bwana Leseni.

MIZE BINTI KOMBO BIN MAKAME